Majirani watatu wenye tarakimu ishirini

Uniti ziliisha saa tatu usiku, tukiwa Tabata, katikati ya chakula. Nilinunua umeme kwa simu, ujumbe ukaingia, nikaanza kumsomea mpwa wangu namba nne nne huku yeye akizibonyeza kwa mwanga wa tochi. Taa zilipowaka hakurudi kula. Alizinakili zile namba nyuma ya daftari lake, makundi matano ya tarakimu nne nne, akakaa anazitazama.

"Mjomba, hii yote ikiwa namba moja, ni tasa?"

Yuko darasa la sita. Anajua kuwa namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Nikamwambia atazame tarakimu ya mwisho. Ilikuwa 4, kwa hiyo namba ni shufwa, inagawanyika kwa 2, basi si tasa. Akanyamaza kidogo.

"Na kama ingeishia na 7?"

Swali hilo limewasumbua watu wenye akili kubwa kwa karne nyingi, na linastahili jibu kamili. Nitalijibu kwa kutumia namba tatu zinazofuatana, zote za tarakimu 20 kama namba ya umeme:

18,446,744,073,709,551,615
18,446,744,073,709,551,616
18,446,744,073,709,551,617

Ya katikati husomwa hivi: kwintilioni kumi na nane, kwadrilioni mia nne arobaini na sita, trilioni mia saba arobaini na nne, bilioni sabini na tatu, milioni mia saba na tisa, laki tano na elfu hamsini na moja, mia sita kumi na sita. Kwa kuwa ni ndefu mno kuirudia kila mara, nitaziita kwa mikia yao: 615, 616 na 617.

Namba hizi hazikutoka hewani. Mita ya LUKU haizisomi tarakimu kama tunavyozisoma sisi. Inazigeuza kuwa biti, yaani mfuatano wa 0 na 1, na namba moja ya umeme hubeba biti 66. Biti mbili hueleza ni namba ya aina gani. 64 zilizobaki ni ujumbe uliofungwa kwa msimbo wa mita yako. Kila biti ina njia mbili, 0 au 1, kwa hiyo biti 64 zina njia 2 × 2 × 2, hivyo hivyo hadi mbili sitini na nne zizidishane. Jawabu ni 616 yetu, ambayo kwa ufupi huandikwa 2⁶⁴. Ukiizidisha kwa 4 kwa ajili ya zile biti mbili unapata 73,786,976,294,838,206,464. Ndiyo maana tarakimu ni 20, na ndiyo maana hutakuta namba ya umeme inayoanza na 8 au 9. Hata 74 haianzi. Mwenye risiti za zamani kwenye droo na azitazame.

Humo ndani ya biti 64 kuna biti 24 zinazohesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, ambazo ni miaka 31 na miezi karibu 11, na hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Wanaokumbuka mwaka ule tulipoletewa makundi matatu ya namba, jumla tarakimu 60 za kubonyeza, chanzo kilikuwa hicho: mita zilipaswa kuanza kuhesabu dakika kutoka tarehe mpya. Hesabu ya biti 64, hata ikienda kwa sekunde badala ya dakika, ingejaa baada ya miaka bilioni 584. Tofauti ya 24 na 64 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kila biti moja inayoongezeka huzidisha muda mara mbili, na hapo zimeongezeka arobaini.

Anayetaka kuuhisi ukuaji huo kwa mkono aende barazani penye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Weka komwe moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, uwe unaongeza mara mbili kila shimo. Shimo la kumi litadai komwe 512. Shimo la ishirini na moja limeshapita milioni. Ukimaliza bao zima utakuwa umetumia komwe 4,294,967,295. Sasa weka bao la pili pembeni na uendelee bila kuanza upya, mpaka shimo la sitini na nne: jumla ya komwe zote ni 615 yetu kamili. Wahindi na Waarabu wamesimulia jambo hilohilo kwa punje za ngano na sataranji, ambayo nayo ina vyumba 64. Jumla hutoka 615 badala ya 616 kwa sababu mashimo yote uliyokwisha kuyajaza siku zote hupungukiwa na shimo linalofuata kwa kete moja tu. Jaribu kwa machache: 1 + 2 + 4 ni 7, na shimo la nne linataka 8.

Tuifungue 615 basi.

Inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumlisha tarakimu zake zote, utapata 87. 87 inagawanyika kwa 3, basi namba nzima inagawanyika kwa 3. Mpaka hapa ni hesabu za darasani. Baada ya hapo kugawanya kwa kubahatisha kunachosha, na kuna njia nzuri zaidi ambayo kila aliyepita kidato cha pili aliwahi kuiona ubaoni: namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe kisha ukaondoa moja, jawabu lake ni namba iliyo chini yake mara namba iliyo juu yake. Nne mara nne ni 16. Ondoa moja, 15, nayo ni 3 × 5. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256; ondoa moja, 255, nayo ni 15 × 17. Endelea: 65,535 ni 255 × 257. Kisha 4,294,967,295, ile jumla ya bao moja, ni 65,535 × 65,537. Na 615 yetu ni 4,294,967,295 × 4,294,967,297.

Angalia kilichotokea. Namba ya tarakimu 20 imefunguka bila kugawanya hata mara moja, kwa kufuata ngazi tu: 3, 5, 17, 257, 65,537, na juu kabisa 4,294,967,297. Tano za kwanza ni tasa. Swali likabaki kwa ile ya sita.

Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa amezitazama namba hizihizi mwaka 1640. Kila moja hupatikana kwa kuchukua 2, kuizidisha kwa yenyewe tena na tena, kisha kuongeza moja. Alipoona kuwa za mwanzo zote ni tasa, aliamini kuwa zitakuwa tasa daima, na akaandika hivyo kwenye barua. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Ni miongoni mwa wanahisabati wakubwa waliopata kuishi. Lakini imani yake ilisimama juu ya mifano mitano.

Ilipita miaka 92. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 wakati ule, akaonyesha kuwa 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641. Jawabu ni 6,700,417. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote katika kisa hiki, kwa sababu mtu anaweza kudhani Euler alikaa akigawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, mpaka akafika 641. Sivyo. Alijiuliza kwanza: kama namba hii ina kigawo tasa, kigawo hicho lazima kiweje? Akathibitisha kuwa lazima kiwe ni kigawe cha 64 kisha uongeze moja. Kwa hiyo orodha yake ilianza hivi: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, maana hizo hazina haja ya kujaribiwa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Majaribio matano tu, na la tano likafungua mlango uliofungwa karibu karne nzima.

Tena unaweza kuthibitisha kuwa 641 inaingia bila kubaki bila hata kuigawanya ile namba. Tazama 641 kwa pande mbili. Upande mmoja ni 5 × 128 + 1, na 128 ni 2⁷. Upande mwingine ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sasa hesabu mabaki ya kugawanya kwa 641. Kutoka upande wa kwanza, 5 × 2⁷ ni 640, pungufu moja ya 641, kwa hiyo kwa mabaki ni sawa na −1. Izidishe kwa yenyewe mpaka kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inakuwa sawa na 1. Kutoka upande wa pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka hiyo mahali pa 5⁴, upate kuwa −2³² ni sawa na 1. Hamisha upande: 2³² + 1 ni sawa na 0. Haibaki kitu. Na 2³² + 1 ndiyo ile 4,294,967,297. Mistari minne, inaenea nyuma ya risiti ya duka.

Basi 615 imefunguka yote: 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417. Vigawo tasa saba, hakuna kinachojirudia. Ukitaka kujua ina vigawo vingapi kwa jumla, kwa kila kimoja kati ya hivyo saba una uamuzi wa kukichukua au kukiacha, yaani mbili saba zizidishane, jumla 128. Na ukiondoa 641 na 6,700,417, zile tano zinazobaki ndizo namba tasa za Fermat pekee zinazojulikana hadi leo. Zina kazi hata kwenye mchoro. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 18, aligundua kuwa umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, na ni kwa sababu 17 imo katika ukoo huu.

Kuhusu 616 hakuna mengi. Ni mbili tupu sitini na nne, haina kigawo tasa kingine. Vigawo vyake vyote ni 65: 1, 2, 4, 8, mpaka yenyewe.

Sasa jirani wa tatu, 617, anayeishia na 7 kama alivyouliza kijana.

Si shufwa. Haiishii na 5. Jumla ya tarakimu zake ni 89, kwa hiyo 3 haiingii. Ile njia ya ngazi haisaidii, kwa sababu sasa tumeongeza moja badala ya kuondoa. Ukiitazama hivi hivi ungesema ni tasa. Nayo ni ya ukoo uleule wa Fermat, ni ngazi inayofuata baada ya 4,294,967,297, na kwa imani ya Fermat ilipaswa kuwa tasa.

Mwaka 1878 Édouard Lucas alikaza kamba ya Euler: kwa namba hii, kigawo tasa chochote lazima kiwe kigawe cha 256 kisha uongeze moja. Miaka miwili baadaye, 1880, Mfaransa Fortuné Landry, mzee aliyevuka miaka 80, akatoa jawabu:

274,177 × 67,280,421,310,721

Gawanya 274,176 kwa 256, utapata 1,071 kamili. Maana yake ni kwamba aliyekuwa na kanuni ya Lucas mkononi angekifikia kigawo kile baada ya kupitia nafasi 1,071, na nyingi kati ya hizo huzigusi, kwani theluthi moja zinagawanyika kwa 3 na moja ya tano zinagawanyika kwa 5. Ni kazi ya siku kadhaa kwa mtu mwenye kalamu na uvumilivu. Thomas Clausen alikuwa amevipata vigawo hivyohivyo mapema zaidi na kumwandikia Gauss mwaka 1855, ila barua ile ilikaa miaka mingi bila kujulikana. Kigawo cha pili, kile cha tarakimu 14, nacho ni tasa. Kwa hiyo 617 ina vigawo vinne tu: 1, hivyo viwili, na yenyewe.

Yaweke pamoja. Majirani watatu, wa kwanza ana vigawo 128, wa pili 65, wa tatu 4. Kuongeza moja, kitendo kidogo kuliko vyote katika hesabu, huivuruga namba kwa ndani kabisa. Kuzidisha kunafuata sheria zake na kujumlisha kunafuata zake, na mahali zinapokutana ndipo mafumbo mengi ya namba yanapozaliwa. Nadhani watoto wangezipenda namba tasa zaidi kama wangeonyeshwa hili kabla ya kukaririshwa orodha.

Ila namba ya umeme ya mpwa wangu si ya ukoo wa Fermat. Haina umbo la kushika. Kwa namba kama hiyo hakuna kanuni ya 64 wala ya 256 ya kukupunguzia kazi. Ukienda kwa kugawanya, unalazimika kujaribu namba tasa zote mpaka ufike kipeuo chake cha pili, ambacho kwa namba za ukubwa huu ni zaidi ya bilioni nne. Kinachowezekana kwa haraka ni kukadiria. Kutokana na kanuni iliyothibitishwa mwaka 1896 na Jacques Hadamard na Charles-Jean de la Vallée Poussin, kila mmoja kwa njia yake, kwa ukubwa wa namba zetu tatu ni takribani namba moja kati ya 44 iliyo tasa. Ukishaona kuwa inaishia na 1, 3, 7 au 9, nafasi inakuwa kama moja kati ya 18. Ukijumlisha tarakimu ukaona 3 haiingii, inafika kama moja kati ya 12. Hilo ndilo jibu la "na kama ingeishia na 7". Tasa iliyo karibu zaidi chini ya majirani wetu inaishia na 557, na iliyo juu yao inaishia na 629. Nafasi ya 72 kati yao haina hata moja.

Na isipokuwa tasa, ina vigawo tasa vingapi? G. H. Hardy na Srinivasa Ramanujan walionyesha mwaka 1917 kuwa namba ya kawaida ina vigawo tasa tofauti vichache mno kuliko mtu anavyodhani. Kwa tarakimu 20 idadi huzunguka 4. Kwa hiyo 615 yenye saba ni tajiri kupita kawaida, na 617 yenye viwili ni ya upande wa wachache.

Simu ya mkononi leo huzivunja namba za tarakimu 20 kabla hujapepesa jicho, kwa njia kama ile aliyoibuni John Pollard mwaka 1975, isiyohitaji kujaribu tasa moja moja. Lakini ongeza tarakimu uone. Ngazi inayofuata ya Fermat, 2¹²⁸ + 1, ina tarakimu 39, na ilivunjwa mwaka 1970 na Michael Morrison na John Brillhart kwa kompyuta, miaka 90 baada ya Landry. Ugumu huo ukageuzwa kuwa kufuli. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kufunga ujumbe kwa namba iliyo zao la namba tasa mbili kubwa mno, zilizochaguliwa makusudi zisiwe na umbo la kushika. Kufuli za namna hiyo zinazotumika sana sasa zina biti 2,048, ambazo huandikwa kwa tarakimu 617. Namba ya tarakimu 250 ya aina hiyo ilivunjwa mwaka 2020 kwa kuunganisha kompyuta nyingi. Ya tarakimu 617 bado hakuna aliyeikaribia.

Jumamosi nilimpa mpwa wangu vile vigawo viwili vya Landry athibitishe mwenyewe. Nilimfundisha kwanza kutupa tisa: jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. 274,177 inatoa 28, kisha 10, kisha 1. Kile cha tarakimu 14 kinatoa 44, kisha 8. Moja mara nane ni nane. Na 617 yenyewe, 89, kisha 17, kisha 8. Akasema hiyo haitoshi, kwa sababu namba nyingine nyingi nazo zitatoa nane, na yuko sahihi.

Akachukua karatasi ya grafu ili tarakimu zisihame safu. Aligundua mapema kuwa 274,177 ina saba tatu, kwa hiyo akizidisha kwa 7 mara moja anainakili mistari mitatu, 470,962,949,175,047, na kwa 1 hakuna kazi, kwa hiyo kilichobaki cha kuhesabu ni kwa 4 na kwa 2. Kisha akaanza kujumlisha mistari sita kutoka kulia. Tarakimu tatu za mwisho zilipotoka 617 aliinua kichwa akanitazama, kisha akaendelea na zile kumi na saba zilizobaki.